Biskuti za Mahafali na Hesabu ya Mpishi



Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na mambo ya mirathi. Tunawaomba radhi wasomaji wetu, tutayarudia inshaallah. Safari hii limetukaa rohoni jambo dogo zaidi, jambo la biskuti, nalo limetukaa kwa sababu katika daftari la mihutasari la kamati ya msikiti wetu upo mstari tuliouandika kwa mkono wetu wenyewe, unaosema: "Biskuti za mahafali: mama atajitolea."

Huyo mama hakuwapo kikaoni. Hakuulizwa. Ni mjane wa mtaani kwetu hapa Tanga, ana watoto wanne, na riziki yake ni keki na biskuti za oda. Lakini kikao kilikuwa kimerefuka, adhana ya Magharibi ilikuwa karibu, mtu mmoja akasema mama yule hawezi kukataa jambo la kheri, sote tukaitikia, nasi katibu tukaandika.

Mahafali yalikuwa ya watoto 34 wa madrasa waliohitimu Juzuu Amma, katikati ya masika. Zamani shughuli ya namna hii ilitoshwa na sinia la kaimati, visheti na birika la chai. Siku hizi wazazi wameona katika simu zao biskuti zilizopambwa kwa sukari ya rangi kulingana na shughuli yenyewe: za Idi zina hilali na fanusi, za harusi zimefuata rangi ya nguo ya bibi harusi, za akika zina jina la mtoto. Baadhi ya wazee wa kamati walinung'unika kwamba huko ni kuiga wageni. Sisi hatukuliona hivyo, wala hatulioni hivyo leo. Aliyepata kusimama jikoni visheti vinapotiwa katika shira na kugeuzwageuzwa mpaka sukari ikapiga weupe, anajua kwamba bibi zetu waliyajua mapambo ya sukari kabla ya simu hizi. Na huko Misri, biskuti za Idi ziitwazo kahk zilipikwa kwa wingi katika dola ya Fatimiya, zikakandamizwa kwa kalibu zenye nakshi na maandishi. Baadhi ya kalibu hizo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu mjini Cairo, na zimo zenye maneno ya kumhimiza mlaji ale na kushukuru. Kuiandika biskuti, basi, si bidaa ya jana.

Hoja hiyo ya maandishi ndiyo iliyotuingiza matatani.

Tulikwenda nyumbani kwa mama yule tukifuatana na mwenzetu wa nyumbani, maana si adabu kumwendea mjane peke yetu. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akatukaribisha barazani, na mara tukaitwa jikoni kwa kuwa unga wake ulikuwa mezani na hakutaka ukauke. Tukapewa viti viwili. Tuliyoyaona pale tunayaeleza kwa urefu, kwani wengi wetu tunaokula vitu hivi hatujui vinatokea wapi.

Unga wa biskuti za kupamba si sawa na wa nangatai. Nangatai twataka ivimbe, ipasuke juu na imumunyike mdomoni. Biskuti ya kupamba yatakiwa itoke jikoni na umbo lilelile iliyoingia nalo. Kwa hiyo mama haweki hamira ya unga, au akiweka ni chembe tu. Kipimo chake ni siagi gramu 225, sukari gramu 200, yai 1, unga wa ngano gramu 400, chumvi kidogo, na hiliki iliyosagwa. Siagi na sukari havipigi mpaka vikawa vyepesi kama vya keki. Anavichanganya tu vikashikana, kwa sababu hewa nyingi ndani ya siagi huifanya biskuti itawanyike motoni. Kisha unga husukumwa kati ya karatasi mbili za plastiki, unene wa nusu sentimita, ukawekwa ndani ya friji kwa muda usiopungua nusu saa. Ukitoka baridi hukatwa kwa vikatio, nazo biskuti huokwa kwa nyuzi joto 180 kati ya dakika 10 na 12, hadi kingo zianze kugeuka rangi. Mwenye jiko la mkaa anaweza vilevile, ila makaa mengi yawe juu ya kifuniko na machache chini, la sivyo ataunguza matumbo ya biskuti zake kabla ya migongo kuiva.

Hapo ndipo kazi huanza. Sukari ya kupambia, ambayo wapishi wetu huiita aisingi, ni sukari ya unga gramu 500, ute wa mayai 2 na maji ya limau kijiko kimoja cha chai, vikipigwa mpaka visimame. Mafuta ni adui wa ute: tone la kiini likiingia, au bakuli likiwa na masalia ya siagi, povu halisimami. Mama hutumia bakuli la kioo, na kabla ya kazi hulifuta kwa limau. Mchanganyiko ukisimama, huugawa sehemu mbili. Ya kwanza huachwa nzito kama dawa ya meno, ikatiwa katika mfuko wa plastiki uliokatwa ncha, na kwayo huchora mpaka kuzunguka ukingo wa biskuti. Ya pili huongezwa maji kidogo kidogo, mpaka ukiukata uso wake kwa kisu, mkato ule ujifute wenyewe baada ya kuhesabu sekunde 10 hadi 15. Hiyo ndiyo inayomiminwa ndani ya mpaka, ikasambazwa kwa kijiti cha meno. Ikiwa nzito mno itabaki na makunyanzi. Ikiwa nyepesi itavuka mpaka, nawe utaanza upya. Na wakati wote huo bakuli lifunikwe kwa kitambaa kibichi, maana aisingi iliyoachwa wazi hufanya utando upesi.

Biskuti iliyojazwa namna hiyo yataka muda wa saa 8 au usiku mzima kukauka. Kama juu yake patakuwa na nakshi nyingine, basi ikauke kwanza, inakshiwe, ikauke tena. Hapa kwetu pwani, katika masika, hesabu hiyo hurefuka, kwani sukari huvuta unyevu wa hewa. Feni husaidia. Friji haifai kabisa: biskuti ikitolewa hutoka jasho, na rangi zikaingiliana. Rangi nzito, kama nyekundu, nyeusi na kahawia, ndizo zinazovuja zaidi zikikaa jirani na nyeupe.

Mwenzetu aliuliza kuhusu ute mbichi, kwa kuwa walaji ni watoto. Mama alijibu kwamba mwenye uwezo anunue unga wa ute wa mayai uliokaushwa, ambao umekwisha kutiwa joto kiwandani. Asiyeupata aweke ute na sehemu ya sukari katika bakuli juu ya mvuke wa maji yanayochemka, akikoroga bila kuacha mpaka ufikie nyuzi joto 71, kisha ndipo apige. Ana kipimajoto chake kidogo, alikinunua kwa pesa ya oda ya harusi, na alituonyesha kwa fahari iliyotupendeza. Vijidudu vya salmonela havionekani kwa macho, akasema, na mtoto wa watu akiumwa tumbo hawatasema ni embe.

Kuhusu halali na haramu tulidhani sisi ndio tungemfundisha. Alitutangulia. Chupa zake za rangi alizipanga mezani, na moja nyekundu alikuwa ameitenga kwa sababu ina E120, yaani karmini, rangi inayotolewa katika mdudu akaaye juu ya dungusi kakati, ambaye kwa wingi hutoka Peru. Kwetu sisi Mashafi kula wadudu hakuruhusiwi. Alitumia bitiruti kwa waridi na manjano kwa njano. Vanila ya maji aliiepuka pia, kwani ile inayoitwa halisi kwa kanuni za Marekani haipungui asilimia 35 ya alkoholi, akabaki na hiliki. Wasomaji wanaonunua vifaa hivi madukani wasome nyuma ya chupa.

Sasa tulieleza haja yetu. Kamati ilitaka biskuti 150 zenye umbo la nyota, na juu ya kila moja jina tukufu la Mwenyezi Mungu kwa hati nzuri ya rangi ya dhahabu. Mama alinyamaza. Akaifuta meza. Tukadhani anaona ugumu wa hati, tukamwambia kwamba tutamwandikia mfano. Akasema, "Ustadhi, mkono wangu waweza. Ila siwezi."

Tukaanza kumtolea dalili. Tulikuwa tumejiandaa. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika At-Tibyan ametaja kutoka kwa wanazuoni wa madhehebu yetu kwamba Qur'ani ikiandikwa juu ya halua au chakula kinginecho, hakuna ubaya kukila chakula hicho. Tukaongeza kwamba wazee wetu wa pwani huandika kombe kwa zafarani katika sahani, likaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Tulisema kwa ufasaha, na huenda tulisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ile itakayoliwa nimeelewa. Je, ile itakayoanguka? Watoto 34, na wadogo zao, uwanjani, na mvua hii. Ile nusu atakayoitupa mtoto aliyeshiba, ile itakayokanyagwa mkekani, na ule unga utakaofagiwa kesho yake, mmempa nani kazi ya kuuokota?"

Kombe hunywewa tone la mwisho na mtu mmoja anayejua anakunywa nini. Halua ya wanazuoni wale ni swali la mlaji. Yeye alikuwa akiuliza swali la mfagiaji, na sisi, pamoja na miaka yetu ya chuo, hatukuwahi kufagia baada ya mahafali. Tulimwambia kwamba amepata haki. Mwenzetu alitazama pembeni, lakini tulimwona akicheka.

Badala yake tukapendekeza majina ya watoto. Mama akakubali, akataka orodha. Tukamletea siku ya pili, naye akaisoma akiwa amesimama mlangoni: Abdallah wawili, Abdulrahman, Abdulkarim, Hibatullah, Muhammad watatu. Akaturudishia. Tulikuwa tumerudi mahali palepale kwa njia ya mzunguko. Mjumbe mmoja wa kamati akashauri watoto hao waandikwe lakabu zao za mtaani, jambo ambalo wazazi wangelikataa, na kwa haki, kwa jinsi lakabu zenyewe zilivyo. Siku tatu zikapita katika simu na vikao vya kusimama. Mwisho aliyeokoa ni mama mwenyewe: biskuti 34 za wahitimu ziwe na umbo la ubao wa chuoni, ule wa mti wenye kishikio, walioandikiwa wazee wetu alifu na be, na juu yake herufi moja tu ya mwanzo wa jina la mtoto. Zilizosalia 116 za wageni ziwe hilali na nyota zisizo na maandishi yoyote.

Alishauri pia ubao uachwe rangi ya biskuti yenyewe, kwani biskuti iliyookwa vizuri tayari ina rangi ya mti, na herufi nyeupe ichorwe juu yake moja kwa moja. Kamati ikasema itaonekana ya kimaskini. Ikataka ubao ujazwe aisingi ya kahawia, ung'ae. Uamuzi huo ulimfikia mama Ijumaa baada ya Isha. Mahafali yalikuwa Jumapili saa 3 asubuhi.

Msomaji aliyefuatana nasi tangu juu anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Usiku wa Ijumaa kukanda, kupoza, kukata na kuoka. Jumamosi kujaza kahawia. Saa 8 za kukauka, na ni masika. Usiku wa Jumamosi kuchora herufi nyeupe juu ya kahawia, rangi mbili zisizopendana zikiwa mbichi. Kisha kupanga katika makasha alfajiri. Alituambia siku ile ile kwamba muda hautoshi. Tukamjibu kwamba Mwenyezi Mungu atasahilisha.

Jumapili zilifika biskuti 28 za ubao, nzuri kupita tulivyotarajia, na 6 ambazo kahawia ilikuwa imepanda ndani ya weupe, herufi zimetoka madoa. Mama hakuzificha. Alizitenga katika kasha lake na kutwambia kabla hatujauliza, akawapa watoto sita hao nyota mbili mbili badala ya ubao. Watano walifurahi, kwani mbili ni zaidi ya moja. Wa sita alilia. Baba yake ni mjumbe wa kamati.

Katika kikao cha tathmini, mjumbe huyo alitoa hoja kwamba, kwa kuwa kazi ilikuwa na kasoro, ile pesa ya vifaa ambayo kamati ilikusudia kumpa mama, shilingi 40,000, ikatwe 10,000. Hoja ikaungwa mkono. Ndipo tulipoomba nafasi, tukafungua daftari na kusoma kwa sauti ule mstari wetu wa "mama atajitolea", kisha tukauliza ni nani kati ya waliokuwapo aliyewahi kumuuliza. Hakuna aliyejibu. Tukauliza ni nani aliyechelewesha uamuzi hadi Ijumaa usiku, na ni nani aliyetaka kahawia. Wa kwanza kujibu ilitupasa tuwe sisi, nasi tukajibu.

Kabla ya kikao tulikuwa tumemwendea mama, tena tukiwa na mwenzetu, tukamwomba hesabu yake. Hakutaka kuitoa. Mwenzetu ndiye aliyemshawishi. Ilikuwa katika daftari la shule la mwanawe, kurasa za nyuma. Unga, siagi, sukari, mayai, sukari ya unga kilo 2, rangi, gesi na makasha: shilingi 62,000, yaani 22,000 zaidi ya pesa ambayo tulikuwa tukijisifu kwamba tutampa, ambayo hata hivyo ilikuwa bado mfukoni mwa mweka hazina. Sukari ya unga aliichukua dukani kwa mkopo. Chini ya hapo hakuandika kitu. Tukamuuliza mkono wake je, akasema hakuna aliyemwambia kuwa mkono umo. Tukamuuliza kila biskuti humchukua muda gani kupamba. Akafikiri, akasema kama dakika 4, zile za herufi zaidi. Dakika 4 mara 150 ni dakika 600, saa 10 za kuinama juu ya meza, kabla ya kuhesabu kuoka.

Tunajua atakayesema kwamba mambo ya msikiti ni ya kujitolea. Ni kweli, na wengi hujitolea, na ujira wao uko kwa Mola wao. Lakini anayejitolea ni mwenye mali yake, akitoa kwa hiari. Fundi wa paa la madrasa tulimlipa mwaka jana hadi senti ya mwisho, na hakuna aliyetaja thawabu zake. Aliyetukodisha maturubai siku ya mahafali alilipwa kabla hajayafunga. Mtaalamu wa vipaza sauti, kadhalika. Tulipoipitia orodha yote ya malipo ya siku ile, tuliona kwamba waliowekwa katika safu ya kujitolea walikuwa wanne, na wote wanne ni wanawake, na kazi zao zote ni za jikoni. Tulikuwa tumeiandika orodha hiyo sisi wenyewe bila kuliona.

Kikao kilibishana mpaka saa 4 usiku. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyenung'unika tangu mwanzo kwamba biskuti hizi ni israfu na kuiga, ndiye aliyegeuza mambo. Alisema yeye hakuzitaka na bado hazitaki, lakini mlizitaka ninyi, mkazila, na kitu kilicholiwa hulipwa. Ikapitishwa mama alipwe vifaa vyake vyote 62,000 na ujira wa shilingi 600 kwa kila biskuti, jumla 152,000, bila kukata zile 6.

Baba wa yule mtoto aliyelia alitoka bila kutuaga. Siku nne baadaye mama alimfikishia mwanawe ubao mmoja, wa rangi ya biskuti tupu, herufi nyeupe juu yake, imekauka sawasawa. Baba mwenyewe ndiye aliyetuonyesha picha yake katika simu, baada ya swala, bila kusema neno.

Sanduku la kamati lilikuwa na shilingi 100,000, nazo alipewa kesho yake, akaanza na duka la sukari. Zimebaki 52,000. Kikao kijacho ni Jumapili baada ya Alasiri, na deni hilo ni jambo la kwanza katika ajenda, kabla ya rangi ya mimbari.